Aliyewaachia Nyuki Nusu

Wajukuu wangu hutia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinakaribia kusimama, wakanywa ya juu juu, kisha wakaacha tope tamu chini ya kikombe. Nikiwagombeza wananicheka. Bibi, sukari ipo dukani, wananiambia, na kwao maneno yameishia hapo. Sibishani nao. Lakini kila ninapoosha vikombe hivyo ninamkumbuka jirani yetu wa kijijini Msangano, ambaye wote tulimwita Mrina kwa sababu kazi yake ilikuwa kurina asali porini, na ninajua angeyatazama masalia hayo namna gani. Angeyatazama kama mtu anavyotazama mguu uliovunjika.

Nisije nikaonekana ninamsifu. Mrina hakuwa mtu mwepesi kupendeka. Alikuwa mrefu, mkavu, shingo imekaa mbele kana kwamba kuna kitu cha mbali anakisikiliza, na nguo zake zilinuka moshi hata siku ya Jumapili. Alisalimia kwa kidevu. Ukimwuliza habari za alikotoka, alikujibu habari za miti: ule wa bondeni umeanza kuchanua, ule wa karibu na mto umeoza upande mmoja, usiupitie chini upepo ukivuma. Habari za nyumbani kwake ulipaswa kumwuliza mkewe.

Jambo la kwanza lililomshangaza mgeni ni sauti yake. Alizungumza chini sana, na si kwa upole. Alisema nyuki wanachukia kelele na jasho la mtu mwenye hasira, na kwamba mtu hawezi kuwa na mdomo mmoja wa nyumbani na mwingine wa porini. Basi ua wake wote ulizungumza chini. Mkewe alizungumza chini, watoto walilia chini, na mama mkwe wangu, ambaye Mungu alimpa sauti ya kutosha watu wengi, alikuwa akisema kwamba hata kuku wa kwa Mrina wanaomba ruhusa kabla ya kutetea. Akienda kule kuomba moto alirudi anashika kichwa. Alidai kwamba kusikiliza kwa bidii namna ile kunachosha kuliko kulima.

Kula asali kwa Mrina ilikuwa shughuli. Hukupewa ukaondoka nayo. Alikukalisha, akakukatia kipande cha sega akakiweka juu ya jani, kisha akakaa mbele yako akakutazama mpaka umalize. Ukidondosha tone alilifuata kwa macho hadi ardhini. Ukila haraka alikunjua mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa na kovu refu kutoka kiwiko hadi kifundo, akakuambia kwa ile sauti yake kwamba kipande unachokimeza ndicho kilichomfanya hivi. Nta uliyoitafuna hukuitema ovyo. Alikuletea bakuli la mti, ukaitema humo mbele yake, naye akaifinyanga pamoja na za wenzako kuwa donge. Mimi nilikuwa bi harusi mgeni pale kijijini siku ya kwanza nilipoletewa bakuli lile, na nilitamani ardhi ipasuke.

Yeye mwenyewe hakula asali. Nilidhani ni uchoyo wa namna ya peke yake, mpaka siku moja nilipomwuliza. Akaniambia kwamba akizoea kula ataanza kupanda kwa sababu ya ulimi, na ulimi hauoni tawi lililooza. Alikunywa uji wake wa ulezi mtupu, akala ugali wake na mboga za majani, akaridhika.

Watu waliamini kwamba hajui woga. Kwa upande mmoja walikosea kwa kituko. Mwaka waliokuja watu wa chanjo, tulipopangwa mstari chini ya jua, Mrina alionekana asubuhi na baadaye hakuonekana. Mkewe alimkuta amejikunyata ndani ya ghala la ulezi, akasema hatoki mpaka watu wenye sindano wavuke mto. Mtu ambaye miiba ya nyuki aliing'oa mwilini huku akizungumza habari nyingine, sindano moja ilimlaza kwenye ghala. Tulicheka mpaka mavuno.

Kwa upande mwingine walikosea vibaya zaidi, na hilo nililiona mimi peke yangu. Nilikuwa nimekwenda porini kutafuta uyoga, nikapotea kidogo, nikatokea kwenye uwazi wenye mti mkubwa wa mtundu. Alikuwa juu. Vijiti alivyovichonga na kuvipigilia kwenye shina vilipanda kama ngazi mbovu, na juu ya kijiti cha mwisho alikuwa amejifunga kwa kamba ya magome, magoti yamelikaba shina, mkono mmoja umeshika mwenge wa moshi na mwingine umezama ndani ya mti hadi begani. Nyuki walikuwa wameuvaa mkono ule. Walikuwa usoni, kwenye kope, kwenye pembe za mdomo. Nikaona mmoja anaingia sikioni, naye hakutikisa kichwa. Alikuwa anatoa sega moja, anatulia, anatoa jingine, anatulia. Kijiti alichokikanyaga kilikuwa kinacheza. Nilikiona kinacheza na nilishindwa kusema, kwa kuwa sikujua sauti yangu ingemfanya nini.

Aliposhuka hakuniona mara moja. Magoti yake yalikuwa yanagongana. Alikwenda nyuma ya mti akatapika, akapangusa mdomo kwa jani, akageuka akanikuta nimesimama na kikapu changu. Tulitazamana. Akaniomba jambo moja tu, kwamba nisimwambie mkewe kuwa anatetemeka. Sikumwambia. Lakini tangu siku ile kila sega nililopewa lilikuwa na ladha ya kile kijiti kinachocheza.

Na hapo sijasema kazi ya kuupata mti wenyewe. Kulikuwa na kukaa kando ya maji kuangalia nyuki wanaokuja kunywa wanaruka kuelekea wapi, kuwafuata kwa macho hadi wapotelee, kurudi kesho na kuanzia pale walipopotelea. Kulikuwa na kumfuata yule ndege mdogo wa kijivu anayewaita watu kwenye asali, ambaye mara nyingine alimpeleka kwenye mzinga wa mtu na kumgombanisha. Siku nzima, wakati mwingine siku kadhaa, kwa ajili ya kibuyu ambacho mgeni mmoja mlafi angekimaliza akingojea ugali uive.

Sasa sikilizeni jambo lililowafanya watu wamseme. Baada ya kazi yote hiyo, Mrina hakuchukua asali yote. Alichukua nusu. Nusu aliiacha ndani ya mti, akaliziba tundu kwa kipande cha gome na udongo, akafunga shina kwa kamba ya nyasi zilizosokotwa, alama kwamba mti una mwenyewe. Hakuna aliyegusa mti wenye kamba ile. Mwinjilisti wetu aliwahi kumwuliza mbele ya watu kama kamba ile si uchawi. Mrina akamjibu kwamba mchawi haogopi kamba, anaifunga kwa ajili ya Wakristo wanaopita njiani. Mwinjilisti akaanzisha wimbo.

Watu walisema, mtu ana watoto, watoto wanalamba vidole, naye anawaachia wadudu. Mkewe mwenyewe alilalamika. Yeye jibu lake halikubadilika: wale ndani ya mti nao wana kipindi chao cha njaa, mvua inaponyesha na maua hayapo, na akiwakuta hai mwakani hatahitaji kuanza kutafuta upya kando ya maji. Aliwahesabu nyuki kama majirani wa upande wa pili, na kusema kweli aliwajali kuliko majirani wa upande wetu.

Ilikuwapo sheria nyingine, na hii ilimhusu mkewe. Siku ambayo Mrina yuko juu ya mti, mkewe alikaa kando ya moto asiuache uzime. Hakufagia ua. Ufagio ulining'inizwa ukutani. Zaidi ya yote hakugombana na mtu, hata atukanwe, kwa kuwa neno la hasira likitoka nyumbani, nyuki walilisikia kule aliko mume. Kama ni kweli au si kweli mimi sijui. Ninajua kwamba yule mama aliamini, na mumewe alipanda akijua kwamba chini kuna mtu anayeishika ile sheria. Kila mmoja alikuwa mtini kwa namna yake. Tulipoona ua wa kwa Mrina una majani na jua limeshapanda, sote tulijua yuko juu.

Kisha ukaja mwaka wa njaa.

Nzige walipita kwenye ulezi ukiwa mchanga, wakaacha mabua. Tulichopanda tena kilikauka. Mvua iliponyesha ilinyesha bila huruma, mchana kutwa, lakini mvua hailiwi, na mavuno yalikuwa mbali. Mume wangu alikuwa Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu alipoondoka hatukupata habari yake. Nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe na binti yangu Rebeka, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Alipatwa na surua. Ilipomtoka, ilimwachia vidonda mdomoni na mwili ambao haukutaka kitu. Tulikuwa tunakula mizizi ya porini, ile ya kuchemsha na kumwaga maji na kuchemsha tena, na bado ilikuwa chungu. Rebeka aliitema. Nilimshika pua nikamnywesha, akaitapika. Akaanza kuvimba miguu. Akaacha kulia, na niliogopa kimya kile kuliko kilio chochote nilichowahi kusikia.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwamba angepata asali kwenye uji angemeza. Kama angeweza kumeza angeishi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa asali iko wapi.

Wanaume walikuwa wameshakwenda kwa jumbe kumtaka amwamuru Mrina afungue miti yake yote. Jumbe alimwita. Mrina alisikiliza, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba wakati huu wa mvua nyuki wanakula akiba yao, gome linateleza, mwenge wa moshi hauwaki, na atakayechukua sasa atakuwa ameua. Wakamwuliza atafungua lini. Akasema bado. Jumbe alikuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu kulima mihogo, lakini hakuna aliyejua namna ya kumlazimisha mtu kupanda mti mrefu wenye nyuki katika mvua. Mrina alirudi nyumbani. Watu wakaacha kumsalimia, na kuna aliyetupa jiwe juu ya paa lake.

Nilikwenda mimi mwenyewe, mtoto mgongoni. Nilimkuta anasokota kamba. Sikumwomba kwa maneno mengi. Nilimshusha Rebeka nikamweka mbele yake juu ya ngozi ya mbuzi. Mrina aliweka kamba chini, akashika mguu wa mtoto, akabonyeza kwa dole gumba juu ya unyayo. Alipoliondoa, shimo la dole lilibaki. Alilitazama shimo lile mpaka likajaa tena, na lilichukua muda mrefu kujaa. Kisha akaokota kamba yake akaendelea kusokota. Hakusema ndiyo, hakusema bado. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka, na ninawaambia ukweli, njiani nilimwombea mabaya.

Kesho yake mama mkwe aliamka akiwa ameamua. Alijifunga khanga kiunoni, akasema yeye ni mzee, hana cha kupoteza, anakwenda kumwambia mke wa Mrina maneno ambayo hatayasahau mpaka anazikwa. Nilimfuata na mtoto, mvua ikiwa imepumzika kidogo.

Tulimkuta yule mama amekaa barazani kando ya moto. Mama mkwe hakungoja kukaribishwa. Alianza kwenye lango. Alimwambia kwamba wao ni watu wanaolisha wadudu na kuzika watoto wa wenzao. Alimwambia kwamba uzazi wake utakuwa mchungu kama mizizi tunayokula. Akasogea, akaendelea, akaingia mambo ya ukoo ambayo siwezi kuyataja. Sauti yake ilijaza ule ua ambao haukuwahi kusikia sauti. Yule mama alikaa vilevile. Mikono yake ilikuwa imekamata kigoda pande zote mbili, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni, lakini hakufungua mdomo hata kusema karibu.

Nilimkasirikia kwa kimya chake. Nilidhani ni kiburi cha mumewe kimemwambukiza. Kisha nikatazama chini. Ua ulikuwa umejaa majani yaliyoangushwa na mvua ya usiku, mabichi, yamelala yalivyoanguka, na jua lilikuwa limepanda nyuma ya mawingu. Nikatazama ukutani. Ufagio ulikuwa unaning'inia.

Yuko juu. Katika mvua hii, kwenye gome hili linaloteleza, yuko juu ya mti sasa hivi, na sisi tuko hapa tunarusha maneno, na huyu mwanamke anayameza moja moja ili hata moja lisimfikie mumewe. Nilimwita mama mkwe, hakusikia. Nilimvuta khanga, akaniondoa mkono. Alikuwa anavuta pumzi kwa ajili ya jingine kubwa zaidi. Basi nikafanya jambo ambalo mke wa mtu hamfanyii mama wa mumewe, hapo Msangano wala kokote ninakokujua. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu.

Alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Nilimwonyesha ufagio kwa kidole.

Alielewa. Akakaa pale pale kwenye majani mabichi, na kiganja changu bado kiko mdomoni mwake kwa sababu nilisahau kukitoa. Yule mke wa Mrina alifumba macho, akayafumbua, akasukuma ukuni motoni.

Tulikaa hapo mchana wote. Hakuna aliyesema neno. Mvua ilirudi, ikapungua, ikarudi, na kila ilipozidi niliyaona macho ya yule mama yakienda kwenye njia ya porini na kurudi kwenye moto. Rebeka alikuwa amelala mapajani pangu, mwepesi mno. Nilikuwa ninaomba mambo mawili kwa pamoja, yule arudi na huyu asiende, na niliona aibu kwamba jana nilimwombea yule mtu mabaya.

Alirudi jioni, bado kuna mwanga. Nilimtambua kwa shingo yake tu. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yamekuwa mistari, mguu mmoja anauburuta, na ubavuni ngozi ilikuwa imechunika mahali alipoteleza akashikwa na kamba. Alikuwa amebeba chombo cha gome mgongoni na kibuyu mkononi. Akaviweka mbele yangu, wala si mbele ya mkewe.

Yule mama alisimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliinama akafunua chombo. Ndani mlikuwa na masega yaliyojaa asali, na masega mepesi, na hata yale yenye majana, watoto weupe wa nyuki waliokuwa bado wamelala vyumbani mwao. Aliyatazama. Kisha akamwuliza mumewe, chini chini, swali moja.

"Umewaachia nini?"

Mrina alikaa kando ya moto akaomba maji.

Usiku ule Rebeka alimeza uji. Ulikuwa uji mwepesi wa punje za ulezi tulizokuwa tumezificha kwa ajili ya mbegu, uliokorogwa na asali. Alimeza kijiko, akatulia, akafungua mdomo. Mama mkwe alitoka nje, nikamsikia analia huko kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Tulimpa asali ile kidogo kidogo mpaka mboga za majani zilipoanza kupatikana na uvimbe ukashuka. Aliishi. Wengine pale kijijini hawakuishi, na sisi tulikibeba chombo kile nyumbani kimefunikwa khanga. Sina la kuwaambia juu ya hilo, ila kwamba hata leo sioni ningefanya vingine.

Mama mkwe hakumwomba radhi yule mama. Hakuwa na kawaida hiyo. Lakini tangu siku ile, akipita mbele ya ua wao, alishusha sauti, na kama alikuwa na mtu njiani alimwashiria naye ashushe. Mimi hakunisemesha kwa muda. Baadaye, tukiwa tunapalilia, alisema bila kuniangalia kwamba siku ile ningechelewa kumziba mdomo angenirudisha kwetu.

Yaliyobaki niliambiwa na mke wa Mrina baada ya msimu kupita. Mti aliopanda siku ile ulikuwa wa kwanza alioonyeshwa na baba yake. Ndio uliokuwa karibu, na ndio pekee ambao vijiti vyake vilikuwa havijaoza, kwa hiyo hakuwa na wa kuchagua. Maua yaliporudi, alikwenda akaweka sikio kwenye shina. Kimya. Akarudi tena na tena, akisema labda. Kundi halikuwapo, wala jingine halikuja kukaa. Mguu wake haukupona sawasawa, akapanda miti mifupi tu, kisha akaacha. Ila kila mwaka, kabla ya mvua, aliusokotea ule mti mtupu kamba mpya ya nyasi na kuufunga. Mkewe alimwambia anajisumbua. Alimjibu kwamba mti una mwenyewe.

Mimi sikuwahi kuzungumza naye juu ya jambo hilo. Nilimpelekea ulezi kila nilipovuna, akaupokea kwa kidevu. Kumshukuru kwa maneno sikuweza. Kila nilipoanza alinielekeza macho kwenye mti fulani na kunieleza habari zake.

Mume wangu alirudi hatimaye, na baada ya kuzungukazunguka tulihamia Tunduma, pale barabarani karibu na mpaka. Tulifungua mgahawa wa chai. Watu waliokuwa wanakwenda migodini ng'ambo walishukia hapo, na waliokuwa wanarudi walirudi na fedha na kiu. Wateja wa upande wa pili waliniita bamayo, yaani mama, kwa heshima ya Kibemba, na wote walitaka sukari. Sukari ilikuja kwa magunia. Tuliiweka mezani kwenye bakuli, wakajitilia wenyewe, na kila jioni tulikuwa na karai la masalia matamu, maandazi yaliyoumwa mara moja, mkate uliolowa. Rebeka alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, mnene, mwenye mashavu na mdomo mwepesi kama wa bibi yake. Yeye ndiye aliyemwaga masalia nyuma ya jiko. Nyuki walikuja hapo kwa wingi, wakatua kwenye tope la sukari mpaka ardhi ikawa inatembea. Wateja walilalamika. Rebeka alikuwa na dawa yake: birika la maji yanayochemka.

Mchana mmoja nilimwona Mrina mlangoni. Alikuwa anavuka kwenda kumwona binti yake aliyeolewa ng'ambo. Shingo ilikuwa ileile, mguu unaburuta, macho yamefifia kidogo. Nilimkaribisha uani, kwenye kivuli cha ukuta, mbali na kelele za wateja. Mama Rebeka, akaniita, na kwa sauti yake ile ilinibidi niiname kumsikia. Nilimwamkia na kumwuliza habari za mkewe. Akanijibu habari za miti.

Rebeka alimletea chai. Alikuwa amekwisha kuitia sukari, kama alivyomtilia kila mtu, bila kipimo. Mrina akaonja. Akakishika kikombe muda mrefu, kisha akaniuliza kitu hiki nani amekipandia mti. Nikamwambia hakuna aliyepanda, Baba, kinatoka kwenye miwa, kinaletwa na gari. Akakubali kwa kichwa. Alikunywa nusu, akakiweka chini. Nilitaka kumwambia kwamba huyu msichana ndiye yule, lakini nilikuwa ninamtafutia maneno, na wakati ninayatafuta Rebeka alipita mbele yetu na birika linatoa mvuke, akielekea nyuma ya jiko.

Mrina alimfuata kwa macho. Akaona karai lililomwagwa, akaona ardhi inayotembea. Nadhani aliwasikia kabla ya kuwaona, maana alikuwa ameshaanza kuinuka. Rebeka akainua birika.

"Acha."

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kusikia sauti ile. Ilipita ukutani. Huko mbele wateja walinyamaza, na mume wangu alitokea mlangoni na kitambaa mkononi. Rebeka aliganda, birika limeinama nusu, tone moja la maji moto likiwa limening'inia kwenye mdomo wa birika.

Mzee alimwendea akiuburuta mguu. Akasimama kati yake na nyuki. Walipanda mikononi mwake, kwenye lile kovu, kwenye kope, naye hakutikisika. Akamtazama msichana kuanzia juu, mashavu, mabega, mpaka miguuni, akaitazama miguu ile kwa muda. Alipozungumza sauti ilikuwa imerudi chini, ile ya siku zote, na wote tulisogea ili tuisikie.

"Waache wale, mwanangu. Chao ulikula wewe."

Rebeka alinigeukia. Nilikubali kwa kichwa. Akarudisha birika jikoni. Aliporudi alikuwa ameshika kile kikombe cha mzee, kilichobaki nusu, akachuchumaa pale pale walipokuwa nyuki, akakimwaga polepole.